Maharage Yaliyoota Njiani

Nyumbani,
Chumba cha mbele, kwenye cherehani,
Jumatatu, 14 Mei.

Mpendwa mdogo wangu Kifungo,

Salamu nyingi kutoka kwetu sote. Natumaini barua hii itakukuta mzima, kikohozi kimekwisha, na lile koti nililokushonea bado linafunga tumboni. Kama halifungi, usililaumu koti. Sisi huku hatujambo kabisa. Mimi mgongo unanisumbua kidogo kwa kuinama, maana shule zinakaribia kufunguliwa na kila mzazi amekumbuka sare siku moja. Shemeji yako yuko salama, bado anaendesha lori la mikate na bado anarudi nyumbani mikono mitupu akidai harufu imemshibisha. Mpwa wako Kasuku meno yake ya mbele yameota, kwa hiyo maneno yaliyokuwa yakichelewa kwenye pengo sasa yanatoka yote kwa mpigo.

Baba naye hajambo. Najua umezoea kulisoma neno hilo kila barua na kulipita tu, lakini safari hii nakuomba urudi ulisome tena. Baba hajambo. Nitakueleza.

Kwanza niijibu barua yako. Niliisoma nimesimama mlangoni, nikaisoma tena nimekaa, halafu nikamfokea mteja bila sababu. Unasema huko uliko mlisomewa ule mfano wa mpanzi, na mhubiri akausema kwa ukali, ukatoka ukiwa umejijua kwamba wewe ni ile sehemu ya mawe. Uliokoka kwa furaha, ukaimba kuliko wote, na baada ya mazishi ya Mama ukakauka. Sasa unaniuliza kuna faida gani mtu wa namna yako kuendelea kwenda kusikiliza. Mdogo wangu, umenichoma. Lakini pia umeniuliza swali hilo wakati mzuri mno, kwa sababu mfano huohuo umetutoa jasho hapa nyumbani, tena jasho la kweli, la mpini na udongo.

Unaukumbuka ulivyo. Mpanzi ametoka na mbegu zake. Nyingine zinaanguka njiani, ndege wanazila. Nyingine zinaangukia penye mawe, zinaota haraka na jua linazikausha. Nyingine zinasongwa na miiba. Na nyingine zinaangukia udongo mzuri, zinazaa, hii thelathini, hii sitini, hii mia. Mbegu ni neno, na udongo ni sisi.

Mchungaji wetu alipouhubiri, mimi niligawa udongo kwa familia nzima kabla hatujafika nyumbani. Shemeji yako nilimpa miiba, kwa sababu ya mpira anaousikiliza redioni hadi chakula kinapoa. Mama Mikoba, yule muuza mikoba wa mtaa wa pili, nilimpa mawe. Baba nikampa njia, ile ngumu, isiyoingiza kitu. Mimi nikajibakizia udongo mzuri, maana ndiye niliyekuwa nagawa. Shemeji yako aliniuliza tu kama kugawa kule na kwenyewe hakuna jina lake katika mfano. Nilimwambia aangalie barabara.

Kuhusu Baba, wewe uliondoka mapema baada ya mazishi, kwa hiyo hukuona yote. Mama alipokuwa mgonjwa watu walikuja kila siku, na kila mmoja alikuja na lake. Huyu anajua dawa, yule anajua sababu. Baba aliwapokea wote, akawapa viti, akasikiliza. Halafu Mama Mikoba akamwambia, mbele ya kitanda, kwamba mgonjwa angekuwa ameshainuka kama mwenye nyumba angekuwa na imani.  Tulipomzika Mama, Baba alirudi kwenye kibanda chake cha viatu, akafunga mdomo kuhusu habari za Mungu, na tangu siku ile hakukanyaga kanisani. Viatu vyake lakini vilikwenda. Nusu ya waumini wanatembelea soli alizozigonga yeye, mchungaji akiwamo. Jumamosi Baba anavipiga rangi vinang'aa, Jumapili vinampita mlangoni vikiwa na wenyewe ndani, na yeye anabaki na nyundo.

Nilijaribu kila njia, wewe unanijua. Nilimsomea, nikamnunia, nikamletea mchungaji na soli iliyotobolewa kwa makusudi ili wapate mazungumzo. Soli ilishonwa vizuri sana. Mazungumzo hayakuwapo. Kilichonitia hofu, nikuambie wazi, si kanisa peke yake. Alikuwa anatuacha. Hakucheka tena na Kasuku, hakuuliza habari zako, na mimi nililala nikiwaza kwamba tumezika wazazi wawili na mmoja bado anakuja mezani.

Sasa sikia uhodari wa dada yako. Mimi ndiye mwalimu wa watoto kanisani mwaka huu, na nikaona mfano ule niwafundishe kwa macho. Nikasema tutapanda maharage uani kwetu, sehemu nne, kila mtoto ajionee. Penye mawe nilichagua pale vilipolundikwa vigae vilivyobaki tulipoezeka. Penye miiba, nyuma ya tangi la maji, magugu yalipojaa. Udongo mzuri nilinunua, nikautia kwenye sanduku zuri la mbao, nikaliweka juani kama bibi harusi. Na njia nilikuwa nayo tayari: ile inayokata ua katikati, kutoka getini hadi kwenye kibanda cha Baba, ambako wateja wake hupita kutwa. Ngumu hiyo, hata mvua ikinyesha maji yanateleza juu yake tu.

Nikawapanga watoto mstari mmoja. Nikarusha maharage njiani, nikainua sauti kama unavyonijua, nikasema huu ndio moyo mgumu, moyo unaosikia neno na haulitaki. Mtoto mmoja akauliza ni moyo wa nani. Kabla sijajibu, watoto wote, Kifungo, wote kwa pamoja, wakaifuata ile njia kwa macho kuanzia getini mpaka ilipoishia, na ilipoishia ni mlangoni kwa Baba. Mlango ulikuwa wazi. Baba alikuwa amekaa na kiatu cha mtu magotini, nyundo imesimama hewani, anatutazama.

Kasuku ndiye aliyemaliza kazi. Akasema kwa ile sauti yake ya kengele, "Basi ni moyo wa babu."

Sijawahi kutamani ardhi inimeze kama siku ile. Niliwarudisha watoto upande wa tangi haraka haraka, nikafundisha miiba bila kujua ninachosema. Nilipogeuka, mlango wa Baba ulikuwa umefungwa, na nyundo ilikuwa inagonga. Jioni nilikwenda kuomba radhi. Alinikatiza, akaniuliza nimeiona wapi gundi yake.  Nilimwambia shemeji yako kwamba nimeua kabisa kile kilichokuwa kimebaki, na kwa mara ya kwanza katika ndoa yetu hakunitania.

Asubuhi iliyofuata niliamshwa na kishindo. Nilidhani ni lori. Nikachungulia dirishani, nikamwona Baba katikati ya ua, amevua shati, ameshika sururu aliyoazima kwa fundi mwashi wa jirani, anaipasua njia. Anapiga, anapumua, anapiga tena. Vipande vinatoka vigumu kama sahani. Getini alikuwa amefunga kamba, na pembeni, ukutani, amelaza mbao ili wateja wapite huko. Nikatoka mbio bila viatu nikidhani amechanganyikiwa. Nikamwambia, Baba, acha, ile ilikuwa habari ya watoto tu, hii ni njia yako ya wateja.

Akasimama, akajifuta jasho, akanitazama kama mtu anayenifahamu. Akasema, "Mwanangu, hapa hapakuwa njia. Hapa palikuwa bustani ya mama yenu. Mimi ndiye niliyewaachia watu wapite."

Kifungo, nilikuwa nimesahau. Naapa nilikuwa nimesahau, na nina hakika nawe ulikuwa umesahau mpaka uliposoma mstari huo. Nyanya za Mama zilikuwa pale pale. Vitunguu vilikuwa pale. Wewe mwenyewe ulichapwa pale kwa kung'oa karoti kabla ya wakati ili uone kama zimekomaa. Alipougua hakuna aliyemwagilia. Wageni waliokuja kumwona wakaanza kukatisha hapo, kwa heshima tu, wasichelewe. Siku ya mazishi walipita wote. Halafu wateja wakaona pameshatengenezeka wakaendelea. Hakuna aliyekusudia. Mguu mmoja haufanyi njia, lakini ile miguu yote, na kila mmoja amekuja na ushauri wake, ilipagandamiza mpaka pakawa sakafu.

Nilikaa chini kwenye vumbi nikalia. Baba akaniachia nilie, akaendelea kupiga. Baada ya muda akaniambia kama nimemaliza nikamletee ndoo ya maji, kwa sababu udongo ule ulikuwa na kiu. Nikaleta. Shemeji yako akachelewesha mikate ya watu, akavua koti, akashika jembe. Kasuku alikuwa anaokota maharage yangu kwenye mabonge, yale ambayo ndege hawakuyaona, anamhesabia babu yake kama daktari anayehesabu wagonjwa waliopona. Naye Baba akayafukia hayohayo. Hakutaka mengine.

Wateja walilalamika, bila shaka. Kupita ukutani juu ya mbao kunataka mtu apungue kidogo, na Mama Mikoba hakupungua. Alisimama getini na viatu vyake mkononi akiuliza tumeifanya nini njia. Baba akamwambia imefungwa.

Sasa, wiki zikapita, na nikuambie habari za sanduku langu, ule udongo mzuri, ule uliokuwa mimi. Niliwaambia watoto walimwagilie. Kila mtoto akadhani ni yeye peke yake aliyepewa kazi hiyo, na kila mmoja alipopita alimimina kopo lake, na mimi asubuhi na jioni na langu, kwa kuwa nilitaka lishinde. Maharage yaliozea humo. Harufu yake ilimfanya shemeji yako ahamishe kiti. Penye magugu yalichungulia, yakasongwa, kama ilivyoandikwa. Kwenye vigae yalikimbia kuota kabla ya yote, tukashangilia, na jua la siku chache likayamaliza. Lakini njiani, pale Baba alipopasua, yaliinua vichwa pamoja asubuhi moja, yote, yakiwa bado yamebeba maganda ya mbegu kichwani. Baba alituita. Alituita yeye, kwa sauti, na Kasuku akarukaruka, na Baba akacheka. Nilikuwa na pini mdomoni nikakaribia kuzimeza, na nyumba hii ingepata Kifungo wa pili.

Siku ya watoto kurudi kuona somo nilitaka kuahirisha. Somo zima lilikuwa limenigeuka: mwalimu ameoza sandukuni na njia imejaa kijani. Baba akasema waje. Wakaja, wakajipanga mstari, na yule mtoto wa maswali akauliza imekuwaje, mbona mwalimu alisema njia haioti kitu.  Baba ndiye aliyejibu, akiwa amesimama mlangoni na aproni yake ya ngozi.

Akasema, "Mwalimu wenu ana sauti kubwa. Nilisikia."

Watoto hawakuelewa kwa nini watu wazima wanacheka na kujipangusa macho kwa wakati mmoja. Baba mwenyewe alikuwa anajipangusa.

Jumamosi ile, nilipozima cherehani, mimi na shemeji yako tulimkuta Baba na kiatu magotini, na tukakitambua. Kilikuwa kimoja cha vile vyeusi vyake, vya siku ya mazishi, ambavyo soli ilikuwa imeachana na ngozi na hakuvigusa tangu hapo, fundi mzima. Alikuwa anavigonga upya. Shemeji yako alinishika mkono nisiseme neno, na mimi, sijui nilijikaza vipi, sikusema. Jumapili Baba alitangulia. Tulimfuata nyuma kama watoto wa kuku, nami nilisikia nyayo zake njia nzima, na hakuna wimbo ulioimbwa siku hiyo ulionifurahisha kuliko sauti ya zile soli mpya.

Hajawa mtu wa maneno mengi, usije ukadhani. Anakaa benchi la nyuma, mahubiri yakirefuka anaangalia miguu ya watu na anajua nani atakuja Jumatatu. Lakini maharage yamezaa, na sioni haya kukuambia kwamba na yeye amezaa. Juzi Mama Mikoba alikuja kuchukua viatu, amejibana ukutani juu ya mbao, anahema. Baba alimwambia asimame hapo hapo. Akaingia kwenye bustani, akachuma maharage mabichi, akayatia katika ule mkoba wake mpaka ukavimba, na akamwambia yametoka pale alipokuwa anapita. Mama Mikoba akakumbuka. Nilimwona usoni kwamba amekumbuka kila kitu, na kitanda, na neno lake. Alilia pale pale ukutani, na kwa jinsi alivyokuwa amebanwa hakuweza hata kuinua mkono ajifute. Baba akampa kitambaa cha kupigia rangi viatu. Alikwenda nyumbani na uso mweusi, na sasa wanasalimiana kama ndugu.

Kwa hiyo, mdogo wangu, ukiniuliza nimeelewa nini, nitakuambia kama dada, si kama mwalimu. Mimi nilikuwa nausoma mfano ule kama mtu anayepanga vitambaa: hiki cha sare, hiki cha pazia, hiki cha kudekia, na kila kimoja kikae kwenye rafu yake. Lakini njia, mawe, magugu na bustani vyote vilikuwa ndani ya ua mmoja, wetu, chini ya dirisha moja. Na yule aliyeusimulia alimaliza kwa kuwaambia wenye masikio wasikie. Kama udongo haugeuki, kulikuwa na haja gani ya kuuambia? Huwezi kumwita mtu asikie huku umeshaamua kwamba hasikii.

Tena mtazame huyo mpanzi. Mimi nikikata kitambaa nabana hata pindo, na vipande vya kwapani navifanyia mifuko. Yeye anamwaga mbegu barabarani, kwenye mawe, kwenye miiba, hapimi, habani. Zamani niliona ni uzembe. Siku hizi naona kwamba hakuwa anaiona njia. Alikuwa anaiona bustani iliyokuwapo.

Na kuhusu mawe yako. Baada ya yote haya nilikwenda kwenye lile lundo la vigae, nikainua kimoja, kingine, kingine, mpaka mikono ikachubuka. Chini yake, Kifungo, kulikuwa na udongo mweusi, laini, wenye unyevu kuliko mahali popote uani. Jua halikuwahi kuufikia. Mawe yale hayakuzaliwa pale, sisi ndio tulioyaweka, siku tulipokuwa na haraka na hatukujua pa kuyaweka. Wewe ulimzika Mama leo na kesho ukapanda ndege. Ungeachaje kukauka, na nani angekumwagilia? Usiniambie tena kwamba wewe ni mawe. Nenda ukasikilize. Ukishindwa kuimba, kaa benchi la nyuma uangalie viatu vya watu, ni ukoo wetu huo.

Karatasi inaisha. Shemeji yako anakusalimu sana na anasema timu yenu imefungwa tena, usijisumbue kuuliza magoli. Kasuku anakusalimu, amebusu karatasi hapa pembeni penye alama ya mafuta. Mama Mikoba anakusalimu na kukuombea, na safari hii nimemwitikia amina kutoka moyoni. Mchungaji naye anakusalimu, soli yake ni nzima.

Baba nilimuuliza nikuandikie nini. Najua hamjaandikiana tangu uondoke, kila mmoja anamngoja mwenzake, kwa hiyo niliuliza polepole.  Alinishika mkono akanipeleka uani, hadi mwisho wa bustani, karibu na mlango wake. Kuna tuta moja pale amelipasua kama mengine, amelilainisha kwa vidole, ametoa kila jiwe, na hakupanda chochote. Nilidhani mbegu zilimwishia.

Akasema, "Hili la Kifungo. Aje na mbegu zake."

Ni udongo mtupu, mdogo wangu. Lakini kila asubuhi, akimaliza kumwagilia maharage, anajaza kopo tena na kulimwagilia na lenyewe.

Mungu akutunze uendapo na urudipo, aulainishe moyo wako kwa mvua yake, na akulete mlangoni ukiwa na afya na mikono yenye kitu cha kupanda.

Ni mimi, dada yako akupendaye tangu ulipomeza kile kifungo hadi leo,

Fundi wa sare.